Caldas, klabu ya wachezaji wanaotoka kazini: jibu kwa msomaji aliyeuliza kwa nini haipandi

Swali: Mwaka 2022 niliangalia Benfica ikipelekwa hadi mikwaju ya penalti na timu inayoitwa Caldas, na mtangazaji akasema wachezaji wa Caldas mchana wana kazi nyingine. Naomba unieleze, klabu ya namna hiyo inaishije, nani anailipia, na kama ina ubavu wa kuibana Benfica kiasi kile, kwa nini haitafuti tajiri ikapanda hadi ligi kuu?

Ndugu msomaji, mechi unayoisema ilichezwa tarehe 15 Oktoba 2022, raundi ya tatu ya Kombe la Ureno, katika uwanja mdogo uitwao Campo da Mata. Ili ukubwa wa jambo lile uonekane sawasawa, kumbuka kwamba siku nne kabla yake Benfica ilikuwa Paris ikitoka sare ya 1-1 na PSG katika Ligi ya Mabingwa, na kwamba tangu msimu uanze ilikuwa haijapoteza mechi hata moja. Caldas, timu ya daraja la tatu, nayo ikaisimamisha kwa sare hiyohiyo ya 1-1 hadi dakika 120 zikaisha, ndipo Benfica ikapita kwa penalti. Maswali yako matatu yanahusiana, lakini uzito wote uko katika lile la mwisho. Nchini Ureno, kati ya daraja la tatu na la pili hakuna ngazi ya kawaida ya kupanda kama zile za chini yake. Kuna ukuta wa kisheria, na klabu nyingi huufikia zikasimama chini yake zikipiga hesabu mara mbili.

Kwanza mji wenyewe. Caldas da Rainha uko umbali wa kilomita zipatazo 90 kaskazini mwa Lisbon, na halmashauri yake nzima ina watu wapatao 50,000. Jina lake ukilitafsiri kwa Kiswahili chetu ni Majimoto ya Malkia: chemchemi za maji ya moto ambazo Malkia Leonor alizijengea hospitali mwaka 1485. Ni mji wa vyombo vya udongo, wa soko la matunda linalofunguliwa kila asubuhi katika uwanja wa katikati ya mji, na wa klabu moja ya soka iliyoanzishwa mwaka 1916, Caldas Sport Clube. Klabu hii haikuzaliwa jana, na wala si kwamba ligi kuu haiijui. Ilicheza huko misimu minne mfululizo, kuanzia 1955 hadi 1959, kisha ikashuka na haijarudi tena. Wazee wa mji bado wanaihesabu misimu ile kama watu wanavyohesabu watoto wao.

Sasa ngazi za ligi. Juu kabisa kuna ligi kuu yenye timu 18, chini yake daraja la pili lenye timu 18 pia, na mbili hizi pekee ndizo ambazo sheria ya Ureno inazitambua kuwa mashindano ya kulipwa. Zinaendeshwa na chombo chao, Liga Portugal. Kuanzia daraja la tatu kwenda chini, mwenye mamlaka ni shirikisho la soka la nchi. Daraja la tatu, Liga 3, ni jipya kwa kiasi fulani kwani lilianza msimu wa 2021/22. La nne linaitwa Campeonato de Portugal, nalo hugawanywa katika makundi ya kijiografia ili kupunguza gharama za safari, ingawa timu inayopangiwa mpinzani kutoka visiwa vya Madeira au Azores bado italazimika kupanda ndege. Chini ya hapo kuna ligi za vyama 22 vya soka vya wilaya na visiwa, na huko ndiko soka la ridhaa lilipo hasa, la mchangani kwa maana yetu, japokuwa mchanga wenyewe siku hizi mara nyingi ni nyasi bandia.

Neno nusu kulipwa, ambalo mtangazaji wako alilitumia au angepaswa kulitumia, halimo katika sheria yoyote. Sheria inajua aina mbili tu za wachezaji: mwenye mkataba wa kazi ya michezo, ambao kwa mujibu wa sheria namba 54 ya mwaka 2017 lazima uwe wa maandishi na usajiliwe katika shirikisho, na mchezaji wa ridhaa, ambaye hana ajira na klabu ila anaweza kurudishiwa gharama zake na kupewa posho. Klabu ya nusu kulipwa ni ile yenye wachezaji wa aina zote mbili katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Mshambuliaji aliyetoka mbali atakuwa na mkataba na chumba cha kulala. Beki wa kati mzaliwa wa hapohapo atapokea posho inayolipia mafuta ya gari na kubaki kidogo. Kijana wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana atapata viatu na shukrani. Kwa kulinganisha, makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wachezaji na Liga yanasema kwamba mchezaji wa ligi kuu hawezi kulipwa chini ya mara tatu ya kima cha chini cha mshahara nchini. Kima hicho mwaka 2022 kilikuwa euro 705 kwa mwezi, kwa hiyo hata mchezaji wa akiba asiyejulikana kabisa wa ligi kuu alikuwa na uhakika wa zaidi ya euro 2,100. Chini ya ukuta, kila klabu hujikuna pale mkono wake unapofika.

Kitu kimoja hakina hiari, nacho ni bima. Kila mchezaji aliyesajiliwa, wa kulipwa au wa ridhaa, lazima awe na bima ya michezo. Nalitaja jambo hili kwa sababu kwa mtu anayefanya kazi mchana, kuvunjika mguu Jumapili ni tishio kwa mshahara wake wa Jumatatu, na ndiyo maana wapo wachezaji wazuri wanaoacha mpira wakiwa na miaka 26 au 27, si kwa sababu wameshindwa, ila kwa sababu mwajiri amewapandisha cheo au mtoto amezaliwa.

Nimewahi kuketi katika uwanja wa daraja la nne, pwani ya magharibi, Jumapili saa tisa alasiri. Aliyekata tiketi langoni alikuwa mweka hazina wa klabu, na nusu saa baadaye nikamwona amepanda ngazi akifunga nyavu za goli kwa kamba iliyokatika wakati wa kupasha misuli. Mama mmoja alipita kwenye majukwaa na kitabu cha bahati nasibu, kila karatasi euro moja, zawadi ikiwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kwenye kibanda cha vinywaji palikuwa na foleni ya bifana, ule mkate unaotiwa vipande vya nyama iliyochemka katika mchuzi wa vitunguu saumu na mvinyo, na sahani ndogo za tremoços, punje za manjano za jamii ya kunde zinazomenywa kwa meno huku macho yakibaki uwanjani. Jirani yangu alinionyesha beki wa kushoto na kuniambia kwamba kijana yule husambaza mikate alfajiri, ndiyo maana kila ifikapo dakika ya 70 hupandisha soksi na kuacha kupanda mbele. Nikamtazama. Dakika ya 68 alizipandisha.

Katika tukio hilo dogo limo jibu la swali lako la pili, la nani analipa. Anayelipa wa kwanza ni mwanachama, sócio kwa Kireno, ambaye hutoa ada ya kila mwezi au ya mwaka, huingia uwanjani kwa bei nafuu, na zaidi ya yote hupiga kura katika mkutano mkuu kumchagua rais wa klabu. Wa pili ni wafadhili wa mji: duka la matairi, kiwanda cha vigae, mgahawa, benki ya ushirika wa wakulima, majina ambayo huyaoni katika ligi kuu lakini huku yamejaa kwenye mabango ya kuzunguka uwanja. Wa tatu ni wazazi, kwa sababu klabu hizi zina timu za watoto na vijana za kila rika, na familia hulipa ada ya mwezi ili mtoto afundishwe. Katika klabu nyingi upande huo ndio wenye pumzi ya uhakika, huku timu ya wakubwa ikiwa ndiyo inayokula. Wa nne, na mara nyingi mkubwa kuliko wote, ni halmashauri ya mji. Mara nyingi halmashauri ndiyo mmiliki wa uwanja, hulipa umeme wa taa, hutoa basi, na husaini na klabu mkataba wa kuendeleza michezo unaoeleza fedha ngapi zitatolewa na kwa kazi gani.

Ipo pia mvua inayonyesha kwa nadra, nayo ni fedha za mshikamano za FIFA. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia moja kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na nusu ya asilimia kwa kila msimu kuanzia 16 na kuendelea. Tuseme kijana alicheza katika klabu ya mji mdogo akiwa na miaka 13, 14 na 15, kisha akachukuliwa na timu kubwa, na miaka kumi baadaye akauzwa Uingereza kwa euro milioni 10. Klabu ile ndogo inastahili euro 75,000. Katika hesabu za ligi kuu kiasi hicho ni makombo. Kwa klabu ya daraja la nne kinaweza kuwa paa jipya la jukwaa na madeni kulipwa. Sharti lake ni karatasi. Klabu iliyotunza kumbukumbu za usajili wa watoto wake hulipwa, na ile ambayo katibu wake alihama na makabrasha nyumbani husumbuka.

Na mwisho kuna Kombe. Kanuni inazitaka klabu za ligi kuu ziingie raundi ya tatu na kucheza ugenini, kwa hiyo droo moja yenye bahati humletea mdogo mgeni mkubwa pamoja na kamera, viingilio na wadhamini wa siku moja. Caldas imeionja neema hiyo kuliko wenzake wengi. Msimu wa 2017/18, ikiwa daraja la tatu chini ya kocha José Vala, iliziondoa Arouca na Académica ya Coimbra, zote za daraja la pili, na ikafika nusu fainali. Huko ilikutana na Desportivo das Aves ya ligi kuu, ikafungwa mechi ya kwanza ugenini, na ya marudiano Campo da Mata ikaenda hadi muda wa nyongeza kabla Aves haijapita.

Ushike mkia wa habari hii ya Aves, kwa kuwa tutaurudia. Kwanza ukuta.

Tangu amri ya serikali namba 10 ya mwaka 2013, klabu haiwezi kushiriki ligi kuu wala daraja la pili kama chama cha wanachama. Lazima iunde kampuni ya michezo, ama kampuni ya hisa iitwayo SAD, ambamo mwekezaji anaweza kuingia, ama kampuni yenye mmiliki mmoja ambaye ni klabu yenyewe. Kwa upande mwingine, sheria ya msingi ya michezo ya mwaka 2007 inakataza serikali na halmashauri kuzipa klabu za mashindano ya kulipwa fedha za kuendeshea timu hizo, isipokuwa kwa mambo kama ujenzi na ukarabati wa miundombinu. Soma sheria hizo mbili kwa pamoja. Siku klabu inaposherehekea kupanda daraja la pili, siku hiyohiyo inapoteza mfadhili wake mkubwa, yaani halmashauri, kwa gharama za timu ya kwanza. Inalazimika kuwa kampuni. Na inalazimika kumwambia msambaza mikate aache kazi ya alfajiri, kwa sababu mazoezi sasa ni asubuhi na safari ni za katikati ya wiki. Bajeti inaongezeka ghafla wakati chanzo kimoja cha uhakika kinafungwa. Pengo hilo ndilo mlango anaopitia mwekezaji. Kwa hiyo unapouliza kwa nini haitafuti tajiri, jibu ni kwamba si lazima imtafute. Tajiri huja mwenyewe kubisha hodi, na suala ni masharti anayokuja nayo.

Hapa naomba nilinganishe na jambo unalolijua. Wakati Simba ilipoingia katika mabadiliko ya mfumo wa uendeshaji, mjadala wa Tanzania ulitulia kwenye kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji apate 49. Tuliubishania sana mgawo ule, na wengine waliona unamkatisha tamaa mwekezaji. Amri ya Ureno ya mwaka 2013 iliiachia klabu mwanzilishi kiwango cha chini cha asilimia 10 tu katika kampuni. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kununua sehemu kubwa kabisa ya timu, pamoja na nafasi yake katika ligi, huku chama cha wanachama kikibaki na jina, nembo, watoto wa shule ya soka, na pengine uwanja.

Belenenses ya Lisbon ndiyo iliyoonyesha waziwazi mgawanyiko huo unavyouma. Hii ilikuwa klabu bingwa wa nchi mwaka 1946, ya pekee nje ya zile tatu kubwa (Benfica, Porto na Sporting) kuwahi kutwaa ubingwa hadi Boavista ilipofanya hivyo mwaka 2001. Mwaka 2012 iliuza asilimia 51 ya kampuni yake ya soka. Mwaka 2018 pande mbili zikaachana kabisa: kampuni ikahamia Uwanja wa Taifa na kubaki na nafasi ya ligi kuu, na wanachama wakabaki na uwanja wao wa Restelo, wakaunda timu nyingine na kuanza upya katika ngazi ya chini kabisa ya chama cha soka cha Lisbon. Mahakama ikaizuia kampuni kutumia jina na msalaba wa klabu, ikalazimika kujiita B-SAD. Ikashuka mwaka 2022, ikashuka tena mwaka 2023. Katika kiangazi hichohicho cha 2023 timu ya wanachama, iliyokuwa imeanzia kwenye viwanja vya mitaa, ilipanda hadi daraja la pili. Kwa bahati mbaya ilikaa huko msimu mmoja tu, jambo linalokuonyesha kwamba ukuta hauchagui mwenye haki na asiye na haki.

Sasa turudi kwa Aves. Baada ya kuitoa Caldas, tarehe 20 Mei 2018 iliifunga Sporting 2-1 katika fainali na kutwaa Kombe la Ureno, taji kubwa kuliko yote katika maisha yake tangu ilipoanzishwa mwaka 1930. Hata hivyo haikupata leseni ya UEFA, hivyo nafasi ya Ulaya iliyoipata uwanjani ikapotea ofisini. Miaka miwili baadaye ilikuwa mkiani mwa ligi kuu, mishahara haijalipwa, na katika mechi dhidi ya Benfica Julai 2020 wachezaji wake walisimama tuli dakika nzima ya kwanza kama malalamiko. Kampuni ikanyimwa kibali cha kucheza soka la kulipwa, ikafilisika, na klabu mwanzilishi ikaanza tena katika ligi za chama cha soka cha Porto. Mwaka 2023 kampuni nyingine, iliyokuwa ikiendesha timu ya Vilafranquense umbali mrefu kusini, ilihamia mji huohuo wa Vila das Aves na kuchukua jina la AVS, na mwaka uliofuata ikapanda ligi kuu. Mkazi wa pale akapata tena kuangalia ligi kuu karibu na nyumbani kwake, lakini mwambie kwamba hiyo ndiyo klabu ya babu yake uone atakavyokutazama.

Mshindi wa nusu fainali ile ya 2018 alikwisha kufilisika ndani ya miaka miwili na ushei. Aliyeshindwa, aliyekuwa klabu ya wanachama, miaka minne baadaye alikuwa uwanja uleule wa Campo da Mata akiisumbua Benfica. Sisemi kwamba kila mwekezaji ni mwizi. Zipo kampuni za aina hii zinazolipa kwa wakati na kujenga viwanja vya mazoezi, na zipo klabu za wanachama zilizozamishwa na marais waliochaguliwa kwa makofi. Ninachosema ni kwamba mkutano mkuu wa mji kama Caldas da Rainha, unapomsikiliza mgeni mwenye tai na mkoba, unakuwa na majina haya mawili kichwani, na tahadhari yake si woga wa kishamba.

Limebaki lile la uwanjani: iliwezaje kuibana Benfica? Tofauti kati ya mchezaji wa kulipwa na yule anayefanya mazoezi jioni tatu au nne kwa wiki haiko sana katika kuugusa mpira. Vijana wengi wa Caldas na wenzao wamepita katika akademi nzuri na wanajua kupiga pasi. Tofauti iko katika kurudia: mbio ya kumi na tano ya kasi, uamuzi wa dakika ya 85, nguvu ya Jumatano baada ya Jumapili. Katika ligi, yenye mechi nyingi, tofauti hiyo hujilipa yenyewe. Katika mechi moja, kwenye uwanja ambao mgeni hajauzoea, timu inayokaa nyuma kwa nidhamu, iliyocheza pamoja miaka kadhaa, inaweza kuificha kwa saa mbili. Na mgeni naye, aliyetoka Paris juzi, huja na kikosi kilichobadilishwa na akili iliyobaki njiani. Mimi natilia uzito zaidi hilo la kucheza pamoja. Mchezaji mwenye kazi na nyumba mjini hahamihami kila Januari, na safu ya ulinzi iliyozoeana hulinda vizuri kuliko safu ya wageni wenye vipaji.

Kama ungependa kuzifuatilia klabu hizi, shirikisho la Ureno lina chaneli yake ya televisheni, Canal 11, iliyoanza Agosti 2019, na mechi za Liga 3 huonyeshwa huko. Kwa Kombe, ngoja siku ya droo ya raundi ya tatu, kwa kawaida mwanzo wa msimu. Zitafute timu za ligi kuu, kisha tazama jina la mji lililoandikwa upande wa wenyeji.